Simu Isiyo na Mkono

Koplo Redio alikuwa ameshaandika ombi la safari ya pili ya mpakani kabla hata hajapangusa vumbi la safari ya kwanza kwenye viatu. Hakuitwa Redio bure. Alianza kusema anapoingia kituoni na kunyamaza anapotoka, na kama redio zote, kusema aliweza, kusikia hakuweza.

"Yuko kule, afande," alisema, akigonga meza kwa kidole. "Ramani haisemi uongo. Tazama hiki kidoti cha buluu. Hapa ni mjini kabisa, karibu na kizuizi cha forodha. Nikipewa gari na dereva, namleta."

Afande aliyeambiwa hayo alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, mkuu wa upelelezi wa kituo kile. Nyuma ya mgongo wake walimwita Kitunguu, kwa sababu wachache waliwahi kukaa naye meza moja wasitokwe machozi. Jina hilo alilijua na hakulichukia. Alichokichukia ni upumbavu, na kazi yake ilimletea mwingi, wa bure, kila asubuhi.

"Mpakani ulionana na nani aliyemwona?" aliuliza.

"Hakuna, afande. Watu wa kule ni wasiri sana."

"Wasiri. Umezunguka nyumba za wageni zote ukiuliza habari za mtu mrefu mwenye kovu la pembe ya ng'ombe kidevuni. Hakuna aliyemwona. Badala ya kufikiri kwamba hakufika, umeamua kwamba mji mzima umekula kiapo."

Redio alicheka kidogo, akaona anacheka peke yake, akaacha.

Mtu mwenye kovu alikuwa daktari wa mifugo. Alitoka nyumbani asubuhi na gari lake kwenda kuzalisha ng'ombe kwenye mashamba ya juu, hakurudi. Kesho yake mkewe, mkunga wa zahanati, akapokea ujumbe kutoka kwenye namba yake: amepata mwanamke mwingine, amekwenda kuanza maisha upya, asitafutwe. Akipigiwa hapatikani, lakini jumbe ziliendelea kuingia, siku hii moja, siku ile mbili, na mara kwa mara picha ya ramani yenye kidoti mpakani, ili asiyesadiki asadiki. Ukoo wa mume ulisadiki siku ya kwanza. Mkunga peke yake alikuja polisi, na kwa kuja kwake alitukanwa na mawifi, mashangazi na kila aliyekuwa na mdomo.

Kitunguu alizipanga zile picha za ramani mezani, moja moja, kama mtu anayepanga karata.

"Soma juu, pembeni."

"Saa, afande."

"Baada ya saa."

"Alama ya betri. Imejaa."

"Hii?"

"Imejaa."

"Na hii ya usiku?"

Redio aliinama, akainuka. "Nayo imejaa. Labda anatembea na chaja."

"Yangu naichomeka ukutani usiku kucha, na nikishaichomoa haifiki mlangoni kabla haijapungua. Huyu yuko mbioni na hawara, analala nyumba hii na kuamkia ile, na betri yake haijashuka hata tone. Simu ya namna hiyo ikiwepo, Koplo, niagizie na mimi. Mwite mke wake."

Mkunga alikuwa kwenye benchi la ukumbini, kama kila siku. Aliingia akakaa wima, mikono mapajani. Alipoonyeshwa alama za betri alicheka, kicheko kikavu kisichofika machoni.

"Simu ya Daktari, betri kujaa? Afande, ile simu kioo kimepasuka, imeangukia ndoo ya dawa ya kupe, imekanyagwa na ndama. Ikifika adhuhuri ina chaji tunashangilia." Kisha kicheko kikakatika. "Isipokuwa kama ni ile nyingine. Ile ya wingu."

"Ya nini?"

"Kuna kampuni mjini. Simu yake ilikuwa imechoka, ukiiwekea kitu kipya inaganda. Akakodi kwao simu ambayo haishikiki. Ipo ndani ya kompyuta zao. Inafanya kazi zote huko, na wewe mkononi unaona kioo chake tu, kama mtu anayechungulia dirishani. Meseji zake, picha zake, ramani, vyote viko huko. Alikuwa anajisifu: hata hii ya mkononi ikifia kwenye matope, ile haifi."

"Uchawi," alisema Redio.

"Na hii ya mkononi ikifa," Kitunguu aliuliza taratibu, "ile nyingine anaweza kuifungua nani?"

"Yeyote mwenye neno la siri. Kwa simu yoyote."

Kitunguu alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti. "Koplo, hilo ombi lako la safari lina upande wa nyuma ambao haujaandikwa. Andikia hapo barua ya kuomba hati ya mahakama."

*

Kampuni ilikuwa kwenye jengo la vioo, baridi ndani kama duka la nyama. Mkurugenzi alikuwa kijana aliyevaa raba bila soksi. Aliwapokea kwa mikono miwili, akawaketisha kwenye chumba cha mikutano mbele ya skrini iliyofunika ukuta, na kabla hajaulizwa chochote akaanza kuhubiri.

"Watu wanadhani tunakodisha simu. Hapana. Tunakodisha uhuru. Mtu ana simu kuukuu, sisi tunampa simu yenye nguvu ya mbinguni."

"Nionyeshe uhuru wa huyu," alisema Kitunguu, akimsogezea hati ya mahakama.

Mkurugenzi aliisoma, tabasamu likapungua. "Afande, faragha ya mteja kwetu ni kitu kitakatifu. Halafu, kitaalamu, sisi wenyewe hatuwezi kuona kinachoendelea ndani ya simu ya mteja."

"Pale mapokezi mmebandika tangazo. Koplo, lilisemaje?"

Kwa mara ya kwanza siku ile Redio alikuwa na faida. "'Ukikwama, mhudumu wetu ataona skrini yako papo hapo na kukusaidia.'"

"Sasa tangazo ni la uongo," alisema Kitunguu, "au wewe ndiye wa uongo? Chagua polepole. Mteja wako hajaonekana na macho ya mtu. Kama ameshakufa, faragha yake unamtunzia nani, funza?"

Mkunga alifumba macho kidogo, akayafumbua. Mkurugenzi alivuta kompyuta yake karibu.

Baada ya muda simu ilitokea ukutani, kubwa kama mlango, haina mkono wala mfuko, imeelea tu kwenye giza la skrini. Nyuma ya vibandiko vyake vya programu ilikuwa picha ya Mkunga akiwa na sare ya zahanati, amefumba jicho moja kwa jua. Mkunga aliitazama.

"Kidoti cha mpakani," alisema Kitunguu.

"Ah, hicho mteja anajichagulia. Ni sehemu ya huduma. Unabonyeza hapa, unakivuta kwa kidole unakotaka uonekane upo." Mkurugenzi alikivuta kidogo kuwaonyesha, akakirudisha. Redio alikohoa kikohozi kirefu kisicho na makohozi.

"Na betri?"

"Haina betri, afande. Ni kompyuta. Tumechora tu alama ya kujaa ili watu wasipate wasiwasi."

"Mmewaondolea wasiwasi. Na anayeingia humu ni nani?"

"Kifaa kimoja tu. Kinatumia intaneti ya laini ya kawaida. Jina lake sisi hatuna. Kampuni ya laini inaweza kuwa nalo, lakini kuwajibu polisi kwao ni wiki, tena wakiamka vizuri."

Kitunguu alimgeukia Mkunga. "Wanaolijua neno la siri ni kina nani?"

"Alilitaja ovyo. Kwake simu ilikuwa kama jembe. Shemeji yangu Kitinda, mdogo wake wa mwisho, ndiye dereva wake. Mkono wa Daktari ukiwa ndani ya ng'ombe, Kitinda ndiye anayejibu meseji za wafugaji. Na Mwenye Duka, rafiki yake, anayemuuzia dawa za mifugo. Alikuwa anaingia kuweka bei. Wote hao wako nyumbani kwangu sasa hivi."

"Wanafanya nini?"

"Kikao." Alilitamka neno hilo kama mtu anayetema mbegu. "Mama mkwe amekiitisha. Wanataka nihame, eti mume akishaondoka mke anakaa kwa nani. Kitinda amekuja kama mwanaume wa nyumba, Mwenye Duka kama shahidi. Nimewaandalia chai, nikawaambia naenda zamu."

Kitunguu aliitazama simu ile ukutani. Kisha akamwambia Mkunga amwandikie mumewe, na akamwambia cha kuandika. Mkunga alisita, kwa sababu maneno yenyewe yalikuwa ya kisirani, halafu akaandika: *Mama yako ameanguka sebuleni. Hasemi. Njoo haraka.*

Ujumbe uliingia kwenye simu ya ukutani kwa mlio mdogo. Walisubiri. Mkurugenzi alianza kueleza kasi ya mitambo yake; Kitunguu aliinua kidole kimoja na mitambo ikanyamaza.

"Ameingia," alinong'ona Mkurugenzi.

Kibandiko cha meseji kilifunguka chenyewe. Hakukuwa na kidole, lakini herufi zilianza kutokea, moja baada ya moja, haraka, kwa hasira:

*Shem acha masihara mama si huyu hap*

Zikasimama. Kisha herufi zikaanza kufutika kutoka mwisho, kinyumenyume, kama mtu anayetoka kwa kunyata kwenye chumba alichoingia kwa makosa. Pakabaki peupe. Na katika peupe hilo yakaandikwa maneno mengine, ya taratibu, yaliyochaguliwa:

*Pole mke wangu. Mpeleke hospitali. Mimi siwezi kurudi, maisha yangu yako huku sasa.*

Mkunga alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Si yeye," alisema.

"Si yeye," alisema Kitunguu. "Mume hamwiti mkewe shemeji. Na aliye mpakani hawezi kujua kama mama ameanguka au amekaa kitako. Huyu anamtazama. Wanaokuita shem ni kina nani?"

"Kitinda. Na Mwenye Duka. Rafiki wa mume ni shemeji pia."

"Na wote wawili..."

"Wako sebuleni kwangu. Wanakunywa chai yangu."

"Lo!" Mkurugenzi alishindwa kujizuia, macho yanang'aa. "Mmeona lakini isivyokwama? Herufi kwa herufi! Hii tukiitengenezea tangazo..."

Kitunguu alimtazama kama unavyotazamwa uchafu ulioganda kwenye soli ya kiatu. "Simu hii uilinde, isifutwe, lakini anayeingia aendelee kuingia. Na wewe ukae hapo ulipo. Ukipiga simu moja kumsimulia mtu, tangazo lako nitalitengeneza mimi, na picha yako nitaipiga kwa mbele na kwa ubavu."

*

Nyumba ilikuwa na sebule ndogo iliyojaa viti vya kuazima. Mama Mkwe, mzima wa afya, alikuwa kwenye kochi kubwa na kikombe mkononi. Kushoto kwake, kwenye kiti cha Daktari, alikaa Kitinda: kijana mnene wa mashavu, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Upande wa dirisha alikaa Mwenye Duka, mtu mkavu aliyekuwa anajifuta jasho wakati hakuna joto.

Mama Mkwe alimwona Mkunga akiingia na polisi wawili, akaweka kikombe chini kwa kishindo.

"Sasa umefika huko? Mwanamke mwenye haya mume akimkimbia anajiuliza amekosea wapi. Wewe unatuletea bunduki kwenye kikao!"

"Bunduki ameisahau kituoni," alisema Kitunguu, akimwonyesha Redio. "Kaeni. Sina mengi."

Alianza na Mwenye Duka kwa sababu alikuwa rahisi. Ulipomgusa kidogo alimwagika kama gunia lililotoboka. Ndiyo, waligombana na Daktari. Ndiyo, ilikuwa wiki ile ile. Alimuuzia dawa ya kupe iliyoharibika, ndama wa watu wakafa, Daktari akaapa kumsema mbele ya wafugaji wote. Ndiyo, neno la siri alikuwa nalo. Siku ya tukio alikuwa dukani, lakini mteja hakumjia hata mmoja, kwa hiyo shahidi hana.

"Unaona!" alisema Kitinda. "Mimi nilisema tangu mwanzo, huyu na kaka walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Labda ndiye aliyemfanya aondoke."

"Na wewe siku hiyo ulikuwa wapi? Si ndiwe dereva?"

"Homa, afande. Nililala kwa Mama. Kaka akaondoka peke yake."

"Alilala," alisema Mama Mkwe haraka. "Nilimkandakanda mwenyewe."

"Mchana au asubuhi?"

Mama Mkwe alifikiri. "Mchana. Nilipotoka sokoni nilimkuta kitandani anatetemeka, nywele zimelowa jasho."

Kitunguu aliliweka jibu hilo akilini. Alimwita Mwenye Duka nje, pale penye tenki la maji, akamwambia: "Simu ya Daktari tumeipata. Iko kwenye kompyuta za ile kampuni. Kesho tunaifungua na kusoma kila kitu."

Mwenye Duka alishusha pumzi mpaka mabega yakalegea. "Kwa nini kesho? Ifungueni leo, afande. Mimi usingizi umenihama. Nilimkosea yule mtu na sijapata nafasi ya kumwambia."

"Koplo, kaa na bwana huyu hapa hapa. Akitaka kukohoa, mkohoe pamoja. Simu yake uishike wewe."

Akarudi ndani. Kitinda alikuwa amesimama ukumbini, amekunja mikono, mwanaume wa nyumba. Kitunguu alimsogelea, akashusha sauti kama anayemwamini.

"Nikwambie wewe, maana naona wewe ndiye mwenye akili hapa. Tumechoka. Koplo anaondoka jioni kwenda tena mpakani, apekue nyumba zote. Lakini ni upande wetu tu. Kama kaka yako ameshavuka upande wa pili, hatuna ruhusa. Hapo tunafunga faili na kwenda zetu."

Kile kilemba cha ukoka kilimkaa vizuri. Kitinda aliitikia kwa kichwa, mzito, kama mtu anayeshauriwa mambo ya nchi.

"Kwa hiyo akiwa ameshavuka, basi?"

"Basi kabisa."

"Mungu awatangulie, afande." Akasubiri kidogo. "Naomba nikajisaidie, hii chai..."

Alielekea uani. Kitunguu alirudi sebuleni, akakaa kwenye kile kiti cha Daktari, akamsikiliza Mama Mkwe akieleza makosa ya Mkunga: kwamba anajua kuzalisha wake za watu lakini mumewe hajui kumkalisha nyumbani, kwamba kazi ya usiku si kazi ya mke wa mtu, kwamba yeye alijua tangu siku ya posa. Mkunga alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza yote hayo na uso wake haukucheza.

Simu yake ililia mkononi. Aliisoma, akamkabidhi Kitunguu.

*Nimeshavuka mpaka jana. Niko upande wa pili. Waambie polisi wafunge faili wasijisumbue.*

Njia ya mwongo ni fupi, lakini ya huyu ilikuwa fupi kupita kiasi: ilianzia ukumbini ikaishia chooni.

Kitinda aliingia akipangusa mikono kwenye suruali.

"Hukuvuta maji," alisema Kitunguu.

"Samahani?"

"Umekwenda chooni hukuvuta maji, na mikono unayoipangusa ni mikavu. Lete simu."

"Simu gani?" Alikuwa ameshavaa miwani ya mbao. "Afande, mimi ni mwenye nyumba hapa, siwezi..."

"Hiyo iliyo moto mfukoni mwako." Akausoma ule ujumbe kwa sauti, neno kwa neno, hadi mwisho. "Habari za faili na upande wa pili nimezitoa leo mara moja, kwa mtu mmoja, pale ukumbini. Huyo mwingine nilimpa habari za kompyuta, na simu yake inashikwa na koplo. Kaka yako aliye mpakani amezisikiaje?"

Kitinda alimtazama mama yake. Mama yake alimtazama Kitunguu. Mashavu ya kijana yakaanza kutetemeka.

"Sikumuua," alisema.

"Hakuna aliyesema ameuawa."

Mguu wa Mama Mkwe ukakipindua kikombe. Hakuna aliyekiokota.

"Yuko wapi?" Kitunguu aliuliza.

"Kwenye machimbo ya kokoto. Lile shimo la zamani lililojaa maji, pale kwenye kona ya kwenda mashamba ya juu." Maneno yalikuja kwa vipande. Mama alipokwenda sokoni kaka alimpitia, na Kitinda ndiye aliyeendesha. Kulikuwa na video, rafiki amemtumia, ya kuchekesha tu, akaitazama kidogo. Kona ikamkuta anacheka. Gari likaingia kwa pua. Yeye alitokea dirishani.

"Na yeye?"

"Mkanda ulimkwama."

"Alikuwa hai?"

Kitinda alitazama sakafu.

"Nimeuliza, alikuwa hai?"

"Alikuwa ananiita. Maji yalikuwa hapa." Akajigusa kifuani. "Nikapanda juu nikatafute watu, afande, naapa. Nilikimbia mpaka barabarani."

"Ukampata nani?"

"Walikuwepo. Vibarua, wanapakia lori. Wengi." Akaanza kulia. "Nikawaza wataniuliza nani alikuwa anaendesha. Nikawaza Mama atasema nini. Nikapita tu, kama naenda zangu. Nikasema nikifika mbele nitarudi."

Katika kazi yake Kitunguu alikuwa amekaa na watu waliochinja, na wapo kati yao aliowapa maji ya kunywa kwa mkono wake. Huyu hakujua ampe nini. Hakumpiga, hakumtukana. Alivuta kiti nyuma kidogo, kama unavyosogea kitu kinaponuka.

"Kitinda," alisema Mama Mkwe. "Mwanangu. Sema ni uongo."

"Nilifanya kwa ajili yako, Mama! Nilijua utalia. Mtu aliyefariki analiliwa, aliyekimbia na mwanamke anasemwa tu, mwisho wanamsahau. Nilitaka usilie."

"Ukamwachia mkewe ndiye alie," alisema Kitunguu. "Tena kwa aibu, ndani ya nyumba yake, huku unamwandikia matusi kwa jina la mumewe na kunywa chai yake. Halafu bado hukushiba, ukaja kumtoa kwenye nyumba. Nyoosha mikono."

Aliinyoosha kama mtoto anayekaguliwa kucha shuleni. Pingu zilipofunga, alimgeukia shemeji yake, midomo imelowa.

"Shem, nisamehe. Shem..."

Mkunga hakumtazama. Alivuka sebule katikati ya viti vya kuazima, akachutama mbele ya kochi, uso wake sawa na uso wa Mama Mkwe. Sauti yake ilikuwa ya chini, ile anayoitumia zahanati kwa mwanamke aliyekwisha kuchoka.

"Mama. Mwanao hakuniacha."

Mkono wa Mama Mkwe ulinyanyuka kumtafuta, ukakosa pa kushika, ukarudi mapajani.

"Mmeniita mwenye gundu. Mmesema sikujua kumtunza. Usiku nilijiuliza mwanamke gani huyo, ana nini ambacho mimi sina, na kila nilipomwombea afe huyo mwanamke, kumbe hayupo, na aliyekufa ni mume wangu. Hakuniacha, Mama. Kesho uwaambie wote uliowaambia."

Akainuka. Aliingia chumbani, na wakasikia mlango wa kabati ukifunguka na kufungwa. Aliporudi alikuwa amebeba shuka safi mkononi, limekunjwa mara nne.

"Inatosha kwa leo, dada," alisema Kitunguu. "Tunaita wapiga mbizi. Si kazi ya kutazama."

"Mimi ni mkunga, afande. Nimetazama mengi." Alishavaa viatu. "Twende. Amekaa peke yake siku nyingi mno."

Kitunguu, ambaye hakuwa mtu wa kupisha, alisogea pembeni ya mlango. Mkunga akatangulia.